Maiti Hamezi Mate

Wanangu, nimezitazama video zenu. Mjukuu wangu ananishikia simu mbele ya miwani na kuniambia, "Koko, angalia," nami naangalia. Mavazi mazuri, mwanga mzuri, na utani wenu unachekesha, sikatai. Lakini mnakufa vibaya. Katika Kisangani yote hii sijaona kijana anayejua kufa. Mnaanguka, mnatoa ulimi nje, halafu koo linapanda na kushuka kama la mtu anayemalizia chupa ya bia. Maiti hamezi mate. Hilo nilifundishwa na Mpolandi, na leo nawapa bure, ingawa yeye alilipata kwa taabu.

Mimi ni Zaina, binti wa fundi cherehani wa Kabondo, katika zile familia za Waislamu ambazo mababu zao walifika hapa na biashara wakasahau kurudi. Wa umri wangu wananijua kama mjane. Nimekuwa mjane jukwaani tangu nikiwa msichana wa kiuno chembamba, na hata leo nikipita sokoni kuna wanaonipa pole. Mume wangu yu hai. Sasa hivi yuko nyuma ya nyumba anakula lituma, ndizi zetu za kuponda, na samaki, na hajaacha hata kipande. Nimestaafu kwa sababu ya magoti tu, maana mjane asiyeweza kupiga magoti ni mgeni wa kawaida. Sauti bado ipo. Mkitaka ushahidi, waulizeni majirani.

Huyo Mpolandi aliitwa Zenon, na mji mzima ulimwita Papa Zeno. Alikuja akimfuata mkewe, binti wa kule Yanonge, chini ya mto, aliyekwenda kusomea udaktari huko Poland akarudi na diploma na mume. Sisi tulimwita mkewe Docteur, bila jina. Zenon kwao alikuwa mwigizaji wa jukwaa na wa filamu, lakini msifikirie nyota wa mabango. "Mi nilikuwa mutu ya kufungua mulango," alituambia mwenyewe. Katika filamu alifungua milango, akabeba masanduku ya mabwana, akavaa sare za majeshi ya kila namna, na hasa alikufa. Alikuwa na uso mrefu na mashavu yaliyozama, na watengeneza filamu wa kwao wakihitaji maiti walimtafuta yeye kwanza. Alikufa kwa risasi, kwa baridi, kwa homa, na safari moja kwa kuangukiwa na kengele ya kanisa. Aliyasimulia hayo kidevu kikiwa juu, na mimi nilimpenda kwa hilo, maana kundi letu lilikuwa limejaa watu waliotaka kuwa wafalme katika kila mchezo.

Siku ya kwanza alipopanda jukwaa letu, katika ukumbi wa parokia kule Mangobo, alicheza baba mkali. Akamkataza binti yake kutoka nje. Mama mmoja wa benchi la mbele akamjibu kwamba amwache mtoto aende, kwani yeye mwenyewe ujana wake aliumaliza wapi? Watu wakacheka. Zenon akasimama wima, akangoja kimya. Kwao, alinieleza baadaye, mwigizaji akisimama hivyo watu wanaona haya na kunyamaza. Kwetu, mwigizaji akisimama hivyo watu wanajua amesahau maneno, na sisi hatuwezi kumwona mtu anateseka bila kumsaidia. Basi wakamsaidia. Huyu akampa neno, yule akampa jingine, mzee mmoja akamwimbia wimbo wa kanisa ili apate nguvu. Zenon alishuka jukwaani jasho likimtoka, akaniuliza kama wanamchukia. Nikamwambia wangemchukia wangelala.

Nikamfundisha kuacha tundu. Sikilizeni vizuri, kwa sababu kwenye simu zenu hamna anayewajibu, na siku mkipanda jukwaani mtaaibika. Usimalize sentensi yako. Ifikishe karibu na mwisho, vuta pumzi, mtazame mtu mmoja tu kwenye benchi. Atajibu, hawezi kujizuia. Lichukue jibu lake, mgeukie mwigizaji mwenzako, mgombeze kana kwamba ndiye aliyelisema, kisha malizia sentensi. Ukiwajua watu wako, utalijua jibu lao kabla hawajafungua mdomo. Zenon alijifunza hilo kwa kichwa kigumu, kwa majuma mengi, na alipolipata hakuna aliyemweza. Wazee walitembea kwa miguu kutoka mbali, na vijana walipanda toleka, baiskeli zetu za abiria, ili waje kugombana na Papa Zeno.

Naye akatufundisha kufa. Tulihitaji somo hilo, kwa sababu ya Gaby.

Gaby alikuwa kijana wetu mwenye adabu kupita kiasi. Katika mchezo mmoja alikuwa mwana mtukutu aliyekufa, amelazwa kwenye mkeka katikati ya jukwaa, nasi tunalia matangani. Mnajua desturi yetu: mwenye neno moyoni huja akasimama karibu na maiti, akamwambia neno lake kabla hajaenda kuzikwa, ili lisibaki duniani likizunguka. Mama mmoja wa watazamaji aliguswa, akapanda jukwaani, akamwambia Gaby kwamba amekufa akimwacha mama yake na paa linalovuja, aliahidi kuliziba na hakuliziba. Na Gaby, macho yamefumbwa, mikono kifuani, akamjibu polepole, "Nisamehe, mama."

Ukumbi ulitokea madirishani. Viatu tuliviokota mpaka jioni.

Baada ya hapo Zenon alitulaza sakafuni sote, wafalme na watumishi, akatufundisha. Usibane pumzi, kwa sababu aliyeibana lazima aiachie, na ikitoka itatoka na kelele. Pumua kwa mgongo, kidogo kidogo, mbavu zikisukuma sakafu. Pumzi kubwa ingoje mpaka watu wapige mayowe. Uzito wote uweke kwenye bega moja, vinginevyo mguu utakufa ganzi na kuanza kucheza wenyewe. Kichwa kigeuzie upande usio na watu ili koo lisionekane. Mate yaache yajikusanye shavuni mpaka pazia lifungwe. Na Zenon alinifundisha jambo ambalo hata kwao, alisema, wachache walilijua: maiti na mjane ni kazi ya watu wawili. Mjane ndiye anayemlinda maiti. Maiti akitaka kukohoa, mjane ndiye anayejirusha kifuani kwake na kulia. Nzi akitua puani, mjane ana upepeo. Nilikuwa mlinzi wa maiti wengi, na sikumpoteza hata mmoja baada ya Gaby.

Tangu hapo, badala ya kuwazuia watazamaji, tuliwafungulia. Kila mchezo wetu wenye kifo ulikuwa na matanga, na kila mwenye neno aliruhusiwa kupanda na kumwambia maiti. Watu walikuja kwa ajili hiyo hasa. Walimwambia maiti wetu mambo waliyoshindwa kuwaambia wafu wao wa kweli, wakashuka wamepona. Najivuna kwa hilo kuliko makofi yote niliyopigiwa. Nitajieni kundi jingine lililothubutu.

Kwenye kamera mambo ni mengine, na kwa kuwa nyinyi ni watu wa kamera, sikieni. Filamu yangu ya kwanza ilitengenezwa upande wa Kapalata, karibu na kambi. Wanajeshi wa kweli walikuja kutazama wanajeshi wetu wa uongo, wakashindwa kuvumilia, wakamfundisha Gaby kupiga saluti mpaka jua likazama bila sisi kupata picha. Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kulia. Nikalia kama ninavyolia Mangobo, kwa ajili ya benchi la mwisho, na kijana wa sauti akazitupa zile kofia za masikioni chini. Zenon akaninong'oneza: "Zaina, kamera iko karibu kama bwana yako. Unamulilia bwana yako hivi?" Nikalia tena, kidogo, kama mtu anayelia jikoni akiwa hataki kusikika. Ndiyo picha iliyobaki kwenye filamu, na watu bado wananiambia wanaikumbuka.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niketi hapa.

Baba mkwe wa Zenon, mzee wa Yanonge, alimpenda mkwewe huyu kwa namna ya ajabu. Walikuwa wanaketi libongo, pale kwenye gati la mitumbwi, mzee akimfundisha majina ya samaki na Zenon akiyatamka vibaya, na mzee anacheka mpaka anajishika mbavu. Kisha mzee akafa. Habari ilipofika, Zenon na Docteur walishuka mto kwa baleinière, ile mashua kubwa ya mbao, na mimi nilikuwa nao pamoja na wenzetu wa kundi.

Kule Yanonge mkwe haingii matangani kimya. Huanza kulia tangu anapokanyaga nchi kavu, akapanda na kilio chake mpaka mlangoni, ili ukoo usikie kwamba binti yao hakuolewa na jiwe. Yanonge yote ilikuwa imesimama juu ya ukingo ikingoja, maana walijua kazi ya mtu huyu. Wengi walikuwa wamemwona Kisangani akilia jukwaani mpaka shati likalowa. Wakafikiri: kama analia hivyo kwa watu wasiokuwepo, baba yetu leo atamlilia vipi?

Zenon akashuka, akavua kofia, akakunja mikono mbele, akatembea mpaka kwenye maiti bila sauti na bila tone. Akasimama hapo macho makavu. Ndivyo wanavyofanya kwao Poland. Mgeni ni kuku mweupe, na siku ile kuku mweupe alionekana kutoka ng'ambo ya pili ya mto.

Aliyekasirika kuliko wote alikuwa Lofemba, kaka mkubwa wa Docteur, mwuza samaki wa kukausha, mtu wa maneno machache na mabega mapana. Alisema mbele ya ukoo kwamba mtu anayelia kwa tiketi na kumnyima baba yao machozi si bokilo wake tena. Bokilo kwa Kilingala ni mkwe na ni shemeji, na kuondolewa jina hilo ni kuondolewa mlangoni. Tangu siku hiyo Docteur akawa anakwenda Yanonge peke yake na kurudi amevimba macho. Kaka yake hakuuliza habari za mumewe, na mumewe hakuthubutu kutuma salamu.

Nilimgombeza Zenon. Nilimwambia mwacha mila ni mtumwa, na yeye ameacha ya kwao hajashika ya kwetu, na machozi alikuwa nayo tele, angepungukiwa nini? Akatafuta Kiswahili chake. "Zaina, mi nikilia mbele ya watu, ile ni kazi. Najua natoa machozi wapi, najua itafika saa gani. Baba hakuwa kazi. Singeweza kumufanyia ile."

Nilimwelewa, na bado nilimwona mjinga.

Tukatayarisha mchezo wa mzee mkaidi wa kando ya mto anayekataa kubariki ndoa ya bintiye, na anakufa kabla moyo haujalainika. Zenon ndiye mzee. Hakujipaka chochote, alivaa kofia, akashika fimbo, na alipomgombeza mchumba wa binti watu wakasahau rangi yake. Mimi nilikuwa mjane wake, kama kawaida. Tulicheza Jumapili mchana. Ukumbi ulijaa mpaka watoto wakakaa madirishani.

Kabla ya pazia Docteur alikuja nyuma. Kaka yake alikuwa ameteremsha samaki wake mjini, akasikia mtangazaji wetu na kipaza sauti chake akipita mtaani kusema kwamba leo Papa Zeno atakufa, na sasa amekaa benchi la tatu. Alikuwa amemwambia dada yake neno moja tu: "Nimekuja kuona anakufa." Docteur aliniomba nisimwambie mumewe. Sikumwambia. Hata hivyo nilimwona Zenon akichungulia penye pazia, na aliporudi alinyoosha kofia yake mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Alikufa vizuri sana siku ile. Tulimlaza mkekani, kichwa upande wangu, uso umegeuzwa mbali na watu, nami na upepeo wangu. Matanga yakafunguka. Bibi mmoja akapanda akamsema kwa ukaidi. Kijana mmoja akamwomba amsalimie baba yake huko aendako. Nikalia penye kulia, Zenon akapumua penye kupumua. Halafu mbao za ngazi zikalia kwa uzito, nikainua macho, na Lofemba alikuwa amesimama juu yetu.

Mjane wa jukwaani hana ruhusa ya kuogopa. Niliogopa. Ningeweza kuifunga sehemu ile kwa yowe moja tu, wenzangu wangebeba maiti na mchezo ungeendelea, na Docteur angebaki na kaka na mume. Nikimwacha aseme, angeweza kumtukana mtu asiyeweza kujibu, mbele ya mji. Lakini tulikuwa tumewaahidi watu hawa kwamba mwenye neno atasikilizwa. Nikasogeza goti langu, nikampa nafasi.

"Bokilo," akasema. "Mi ni Lofemba, unanijua. Sikuja kukulilia. Weye haukumulilia baba, na mi sikulilii."

Ule ukumbi usiojua kunyamaza ukanyamaza.

"Lakini iko neno. Ile siku za mwisho baba alikuwa anaketi ku libongo kila asubuhi. Tunamwambia, baba, jua iko kali, ingia ndani. Anakataa. Anasema, baleinière ya Kisangani itafika, muzungu wangu iko ndani. Mi mutoto wake wa kuzaa niko pembeni nashika mwavuli, haniite ata jina. Anakuita weye." Akajipangusa uso kwa kiganja. "Bon. Ni ile ndiyo iliniuma. Ya machozi nilitafuta tu sababu. Sasa umekufa, na mi nimesema. Enda muzuri."

Nikamtazama maiti wangu. Maji yalikuwa yanatoka kwenye kona ya jicho lake, yakishuka kuelekea sikioni, na hayakuwa yale niliyoyazoea, yale yanayofika kwa saa yake. Koo lake likapanda, likashuka. Alimeza, yeye mwenyewe, na akameza tena. Midomo ikaanza kutetemeka, na nikajua pumzi inayofuata itatoka na sauti.

Nikavua kikwembe begani, nikamfunika uso, nikajirusha juu yake na kulia. Wanangu, sijawahi kulia vile. Nililia mpaka benchi la mwisho likalia nami, akina mama wakapokea, na chini ya kikwembe Zenon alikuwa anatikisika kama mtoto, na watu wote wakaona ni mimi ninayemtikisa. Hakuna aliyegundua. Nimecheza mbele ya magavana na maaskofu, lakini ukiniuliza siku yangu ya fahari, ni ile, nikiwa nimelala juu ya maiti anayelia, nikimfunika kwa mwili na sauti yangu.

Nilipoinua kichwa, Lofemba alikuwa bado amesimama pale. Alinitazama, akakitazama kikwembe, akashuka ngazi na kutoka kwa mlango wa pembeni. Sikujua ameona nini. Nilikuwa nimewahi kumfunika Zenon mbele ya watu, lakini sikujua kama niliwahi kabla Lofemba hajayaona yale machozi.

Nyuma ya pazia Zenon aliketi juu ya sanduku la mavazi, haya imemjaa. Alisema ameharibu. Alisema kwao, kwa kosa hilo, wangerudia picha. Nikamwambia alikufa vizuri kuliko siku zote. Docteur alimpangusa masikio kwa ncha ya kitambaa chake, na Lofemba alikuwa ameshakwenda na mashua ya mchana huohuo.

Miezi ikapita bila salamu. Kisha ikaja siku ya kumaliza matanga ya mzee, na Docteur akasema safari hii haendi peke yake, wamfukuze mumewe mbele yake. Tukashuka mto naye. Pale nyumbani viti vilikuwa vimepangwa chini ya turubai pande mbili: upande wa wenye nyumba, na upande wa wageni karibu na njia. Zenon akaenda mwenyewe upande wa wageni, akakaa mwisho kabisa. Shangazi yao, mzee kuliko wote, akamwona, akapaza sauti watu wasikie. Aliuliza mtu huyu amefuata nini kwenye kumaliza matanga, wakati yeye hakuyaanza. Docteur akainuka. Lofemba akamwekea mkono begani, akamketisha.

"Tantine, muache," akasema. "Alilia. Niliona na macho yangu."

"Alilia wapi? Shiye wote tulikuwa hapa, hatukuona."

"Ku kazi yake," akasema Lofemba, akaenda mpaka kwa wageni, akakibeba kiti cha bokilo wake na kukileta upande wa wenye nyumba.